Arthur Hakuwa Joker: Utetezi wa Filamu Iliyochukiwa

Filamu ya Joker: Folie à Deux ilipoingia kwenye kumbi za sinema za Marekani mwanzoni mwa Oktoba 2024, watazamaji waliohojiwa na CinemaScore, kampuni inayopima maoni ya watu wanapotoka ukumbini, waliipa alama ya D. Hakuna filamu iliyotokana na vitabu vya katuni iliyokuwa imewahi kupewa alama ya chini kiasi hicho. Miaka mitano kabla yake, sehemu ya kwanza ilitwaa Simba wa Dhahabu katika tamasha la Venice, ikaingiza zaidi ya dola bilioni 1 duniani, ikateuliwa kuwania tuzo 11 za Oscar na kumpatia Joaquin Phoenix ile ya mwigizaji bora wa kiume. Sehemu ya pili, inayotajwa kugharimu karibu dola milioni 200, iliambulia mapato yanayozidi kiasi hicho kidogo tu, na wenye kumbi wakishachukua fungu lao, hiyo ni hasara tupu. Wanaotoa tuzo za dhihaka za Razzie nao wakaivisha taji la mwendelezo mbovu kuliko yote wa mwaka. Lawama zilikuwa nyingi, ila karibu zote zilirudi kwenye shutuma ya usaliti. Ilisemwa kwamba mwongozaji Todd Phillips alimchukua mtu aliyeinuka dhidi ya waliomdharau, akamgeuza mnyonge anayeimba na kulia, anayelikana jina lake mbele ya mahakama, kisha anayekufa kwa kuchomwa kisu na mfungwa asiyejulikana. Mgema kasifiwa mno, tembo kalitia maji.

Hoja ya makala haya ni kwamba shutuma hiyo imekosea shabaha. Ukiisoma filamu hii kwa saikolojia, ukaweka kando kwa muda matarajio ya hadithi za mashujaa na maadui zao, utaona kwamba anayevunjwa katika sehemu ya pili ni Joker, na Joker hakuwahi kuwa Arthur Fleck, mhusika anayechezwa na Phoenix. Alikuwa sura ambayo Arthur alipakwa na watu wengine, mmoja baada ya mwingine, kwa miaka mingi, na ambayo hatimaye aliipenda kwa kuwa ndiyo iliyomfanya aonekane. Filamu ya kwanza ilieleza jinsi sura hiyo ilivyotengenezwa. Ya pili inaeleza mtu analipa nini anapothubutu kuifuta. Hadithi ni moja, na anayedai kwamba imepinda njiani ana kazi ya kuonyesha ni wapi.

Ushahidi wa kwanza umo katika filamu ya 2019 yenyewe, ambayo wengi waliipitia haraka wakikimbilia mwisho wake wa moto na ghasia. Arthur ni mtu mzima anayeishi na mama yake, Penny, katika jiji la Gotham la mwaka 1981. Anapata riziki kwa kujipaka rangi kama chale, na ndoto yake ni kuwa mchekeshaji wa jukwaani. Ana hitilafu inayomfanya acheke bila kutaka, hasa anapoogopa au kuumia, na hutembea na kadi ya kuwaeleza watu hivyo. Mama yake humwita Happy, na amemlea akiamini kwamba alizaliwa ili aulete ulimwenguni uchangamfu na kicheko. Baadaye Arthur ananyakua jalada la mama yake katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Arkham na kusoma jinsi yeye mwenyewe alivyoteswa utotoni na mpenzi wa mama huyo, akakutwa amefungwa kwenye bomba la kupashia nyumba joto, ana jeraha la kichwa. Mama, alipoulizwa, alijibu kwamba hakuwahi kumsikia mwanawe akilia, kwamba siku zote alikuwa mtoto mwenye furaha. Jibu hilo ndilo ufunguo wa filamu zote mbili. Huyu ni mtoto aliyeumizwa na ambaye maumivu yake hayakuruhusiwa hata kuwa na sauti. Alichoruhusiwa ni kucheka.

Mwaka 1960 Donald Winnicott, daktari wa watoto na mchambuzi wa nafsi wa Uingereza, aliandika kuhusu hali aliyoiita nafsi bandia. Alieleza kwamba mtoto mchanga huanza na ishara zake mwenyewe, njaa yake, hasira yake, furaha yake, na mlezi mwema huzipokea na kuzijibu. Mlezi asiyeweza kuzipokea huweka ishara zake mahali pa zile za mtoto, na mtoto, kwa kuwa hana pengine pa kwenda, hujifunza kutii. Utii huo ukizidi hujenga mtu mzima anayejua kutoa kila kinachodaiwa kwake, lakini ndani anajiona kama hayupo. Katika filamu ya kwanza Arthur anamwambia mfanyakazi wa ustawi wa jamii jambo hilohilo kwa maneno yake: maisha yake yote hakuwa na hakika kama yupo kweli, na sasa watu wameanza kumwona. Anayasema hayo baada ya kuwaua vijana watatu ndani ya treni na kituoni, huku magazeti yakiandika habari za muuaji aliyevaa kama chale. Katika maisha yake yote, jambo la kwanza lililomfanya aonekane ni uso usiokuwa wake.

Tazama pia jina lilitoka wapi. Murray Franklin, mtangazaji wa kipindi cha usiku anayechezwa na Robert De Niro, alirusha hewani mkanda wa Arthur akishindwa kuchekesha, akamwita joker kwa kejeli mbele ya jiji zima. Arthur alipoalikwa studio aliomba atambulishwe kwa jina hilohilo. Vinyago vya machale vilivyojaa mitaani navyo vilichochewa na tajiri Thomas Wayne, aliyewaita maskini wenye kinyongo machale kupitia televisheni. Mama alimpa tabasamu, mtangazaji akampa jina, na umati ukampa boneti ya gari ya kupandia ili acheze. Hakuna hata kimoja kilichotoka kwa Arthur. Mauaji ni yake, na hilo tutalirudia, lakini mhusika aliyeshangiliwa aliundwa na madai ya wengine, kama vile Happy alivyoundwa na madai ya Penny. Watazamaji walidhani wameona nafsi bandia ikipasuka na mtu wa kweli akitokeza. Winnicott angewatahadharisha. Aliwahi kueleza jinsi mchambuzi anavyoweza kufanya kazi miaka mingi na nafsi bandia huku akiamini kwamba anaongea na mgonjwa mwenyewe.

Kosa hilo halikuishia kwenye mazungumzo baada ya sinema. Ndani ya wiki chache mwaka 2019, nyuso zilizopakwa rangi za Joker zilionekana katika maandamano ya Beirut, Hong Kong na Chile, na ngazi ndefu za mtaa wa Bronx jijini New York, ambako Arthur alicheza akishuka, zikawa kivutio cha watalii waliokuja kupiga picha katika mkao uleule. Waandamanaji walikuwa na sababu zao, na hakuna haja ya kuwabeza. Linalotuhusu hapa ni kwamba sura ya Joker ilitoka nje ya filamu na kuanza kuishi bila Arthur. Mtu aliyemuua mama yake kwa mto wa kitandani alisahaulika, ikabaki suti nyekundu na mwendo wa dansi. Phillips na mwandishi mwenzake Scott Silver wangeweza kuufuata umati huo. Badala yake waliufanya kuwa mada.

Hapo ndipo jina la filamu linapohitaji historia kidogo. Mwaka 1877 madaktari wawili wa Ufaransa, Charles Lasègue na Jules Falret, walichapisha maelezo ya hali ambapo watu wawili wanashiriki wazimu mmoja, na filamu imeazima jina la maelezo hayo. Kwa mujibu wao, mmoja huwa ndiye mwenye nguvu: ana akili nyepesi, ndiye anayeibuni imani potofu na kumwambukiza mwenzake. Wa pili ni tegemezi na mtiifu. Huwa wameishi karibu sana, mbali na watu wengine, na imani yenyewe huwa inaelekea kuwezekana na kugusa tamaa ya wote wawili. Madaktari hao waligundua pia kwamba wa pili hapokei tu. Naye hubishana, husahihisha, mpaka hadithi inakuwa ya wote. Tiba waliyoipendekeza ni kuwatenganisha, kwa sababu mara nyingi wa pili akiondolewa karibu na wa kwanza, njozi yake hufifia yenyewe. Mwongozo wa magonjwa ya akili unaotumika Marekani uliacha kuihesabu hali hiyo kuwa ugonjwa unaojitegemea mwaka 2013, na uhusiano uliomo katika filamu ni wa muda mfupi mno kuweza kuwa mfano wa kitabuni. Hata hivyo, picha ya Lasègue na Falret inatupa swali sahihi la kuuliza: kati ya wawili hawa, nani anamwambukiza mwenzake?

Jibu la haraka ni Arthur, kwa kuwa ndiye muuaji na ndiye mgonjwa anayejulikana. Filamu inasema vingine. Tunapomkuta Arkham, amekonda, amenyamaza, na walinzi wakimuuliza leo ana kichekesho gani, hana. Joker hayupo kabisa. Anayemrudisha ni Lee Quinzel, anayechezwa na Lady Gaga, ambaye Arthur alikutana naye katika darasa la muziki la hospitali. Lee anamwambia kwamba wamekulia mtaa mmoja na kwamba aliichoma nyumba ya wazazi wake. Baadaye wakili wa Arthur anamfichulia kwamba hayo ni uongo: Lee ni binti wa daktari kutoka mtaa wa matajiri, amesomea magonjwa ya akili, alijilaza Arkham kwa hiari yake na alitoka alipotaka. Huyo ndiye mwenye nguvu waliyemweleza Lasègue na Falret. Katika chumba cha kutembelea wafungwa anachora tabasamu jekundu kwa lipstiki kwenye kioo kinachowatenganisha, na Arthur anasogeza uso wake mpaka mdomo wake ukae sawa na mchoro. Usiku mwingine anaingia katika selo yake, anasema anataka kumwona yeye halisi, kisha anatoa rangi na kuanza kumpaka usoni. Ni vigumu kulionyesha jambo wazi kuliko hivyo. Kinachoitwa uhalisi hapa kimetoka kwenye kopo, mkononi mwa mwanamke aliyekuja akijua tayari anataka kuona nini.

Lee alijuaje anachokitaka? Alikitazama kwenye televisheni. Ndani ya hadithi imetengenezwa filamu ya televisheni kuhusu uhalifu wa Arthur, ambayo Arthur mwenyewe hajaiona, na Lee ameitazama tena na tena. Kwa maneno mengine, mpenzi wa Joker ni mtazamaji wa Joker. Jambo hili lina historia ya kweli inayoangukia miaka hiyohiyo. Machi 30, 1981, John Hinckley alimpiga risasi Rais Ronald Reagan jijini Washington ili kumvutia mwigizaji Jodie Foster, ambaye alimpenda kwa kutazama mara nyingi filamu ya Martin Scorsese ya 1976, Taxi Driver. Mwaka uliofuata mahakama ilimwona hana hatia kwa sababu ya wazimu. Filamu ya kwanza ya Joker ilijengwa wazi juu ya Taxi Driver na The King of Comedy, kazi nyingine ya Scorsese. Sehemu ya pili inaendeleza urithi huo kutoka upande ambao ya kwanza iliuacha, ule wa mtu anayekaa gizani akitazama, kisha anataka skrini imletee maisha.

Kesi ya Arthur, inayochukua sehemu kubwa ya filamu, imelaumiwa kwa kuchosha, lakini ndiyo inayoweka hoja ya kisaikolojia mezani. Wakili wake, Maryanne Stewart, anadai kwamba ndani ya Arthur mna watu wawili, na kwamba Joker alizaliwa ili kumkinga mtoto aliyekuwa akiteswa. Mwendesha mashtaka Harvey Dent anadai kwamba ni mtu mmoja, mwenye akili timamu, anayeigiza. Ubishi huu haukubuniwa kwa ajili ya sinema. Mwaka 1980 mwongozo wa Marekani ulitambua rasmi ugonjwa wa kuwa na nafsi nyingi, na mwaka mmoja kabla yake muuaji Kenneth Bianchi alikuwa amejaribu kuutumia kama kinga. Mtaalamu Martin Orne alimtega kwa kumwambia kwamba wagonjwa wa kweli huwa na nafsi zaidi ya mbili, na muda si mrefu nafsi ya tatu ikajitokeza. Bianchi akaishia kukiri makosa. Filamu inaikataa nadharia ya wakili, na ile ya mashabiki pia. Kwa wakili, Joker ni mtu wa pili anayebeba dhambi. Kwa mashabiki waliojaa ukumbini, Joker ndiye mtu mwenyewe. Pande hizo mbili hazipatani kwa lolote, ila zote zinamfuta Arthur.

Anayemrudisha Arthur mahakamani ni Gary, mfanyakazi mwenzake wa zamani mwenye umbo la mbilikimo, aliyeshuhudia mauaji ya mwenzao Randall katika filamu ya kwanza. Wakati huo Arthur ameshamfukuza wakili wake, anajitetea mwenyewe akiwa amejipaka rangi zote, anaongea kwa lafudhi ya kuigiza, na ukumbi unacheka. Anaanza kumdhihaki Gary kuhusu jina lake la ukoo. Gary hajibu kwa hasira. Anaeleza kwamba tangu siku ile anaishi kwa hofu, na kwamba pale kazini Arthur ndiye peke yake ambaye hakumcheka. Katika filamu mbili zenye umati, huyu ni shahidi pekee aliyemjua Arthur bila rangi na kumthamini hivyo, na ushahidi wake ni kwamba Joker amemdhuru hata yeye. Phoenix anaucheza muda huo kwa uso unaopoteza mshiko wake: lafudhi inayumba, macho yanahama. Hapa nafsi bandia inapasuka kwa mara ya kwanza, na kilichoipasua ni mtu kutajwa wema wake. Kukemewa kulikuwa kumempata maisha yake yote bila kumbadilisha.

Kisha linakuja ungamo. Katika maneno yake ya kufunga utetezi Arthur anaeleza kwamba hakuna Joker, kuna yeye tu, na kwamba watu aliowaua ni sita, akiwamo mama yake. Tulitazame kwa makini hilo la sita. Mashtaka yalikuwa ya watu watano. Hakuna aliyejua kuhusu Penny isipokuwa Lee, aliyesimuliwa na Arthur mwenyewe, na hakuna faida yoyote ya kisheria katika kuutaja uhalifu ambao hakushtakiwa nao. Kama huu ni mchezo mwingine wa jukwaani, ni wa ajabu, kwa sababu unawafukuza watazamaji wake: Lee anainuka na kuondoka, na mashabiki wanamfuata mlangoni. Kwa lugha ya Winnicott, hii ni ishara inayotoka kwa mtu mwenyewe. Haina uzuri wowote. Ni mtu anayeyachukua matendo yake yote mikononi mwake na kuacha kuyagawa kati ya ugonjwa, jamii na uso wa rangi. Na ni hapa filamu inapowatendea haki wagonjwa wa akili kuliko ilivyofanya ya kwanza, iliyolaumiwa kwa kuunganisha ugonjwa na mauaji kana kwamba dawa zikikatizwa damu lazima imwagike. Wengi wa wenye magonjwa ya akili hawana ukatili wowote, na wao ndio huumizwa zaidi na wengine. Arthur anakataa kuutumia ugonjwa wake kama kisingizio, na kwa kukataa huko anawatenga na uhalifu wake wote walio wagonjwa kama yeye.

Pingamizi zito zaidi dhidi ya usomaji huu linahusu kilichotokea kati ya Gary na ungamo. Baada ya Arthur kuwakejeli walinzi wa Arkham hadharani, walinzi wanamburuta hadi bafuni, wanamvua nguo na kumshambulia kwa namna inayoashiria ubakaji, kisha kijana mfungwa aliyempenda, Ricky, ananyongwa na mlinzi kwa kumshangilia. Wakosoaji wanauliza: je, filamu haisemi kwamba Joker alitolewa kwa kipigo, na kwamba ukatili wa dola ndio uliomponya? Swali ni la haki, na Phillips angefanya vyema kuliacha giza hilo lisiwe zito hivyo. Lakini mpangilio wa matukio unajibu sehemu kubwa. Ufa ulionekana mbele ya Gary, kabla ya mlinzi yeyote kuinua mkono. Kipigo peke yake kilikuwa ni utoto wake ukijirudia, na utoto huo ndio uliomzaa Happy. Kinachoongezwa na usiku ule ni kifo cha Ricky, kijana aliyekufa kwa kumwamini Joker, na hivyo Arthur anajifunza kwa mara ya pili ndani ya muda mfupi kwamba sura yake inadhuru watu asiokusudia kuwadhuru.

Pingamizi la pili ni nyimbo. Watu waliokuja kutazama hadithi ya uhalifu walikuta nyimbo za zamani za Marekani, na wapenzi wa filamu za muziki wakalalamika kwamba hazikuimbwa wala kuchezwa kwa ustadi. Sehemu ya lawama hii nakubali: baadhi ya nyimbo zinarudia kilichokwisha kusemwa, na mwendo wa katikati unazorota. Ila udhaifu wa sauti una kazi yake. Gaga, mwenye moja ya sauti kubwa za zama hizi, anaimba mara nyingi kwa pumzi, kama mtu asiye na hakika, na Phoenix anakwaruza. Nyimbo nyingi zinatokea ndani ya kichwa cha Arthur, ambaye hajawahi kuwa mwimbaji, na lugha yake ya mapenzi ameiokota kutoka televisheni na sinema kama alivyookota kila kitu. Zaidi ya hayo, filamu inaupa muziki mwisho wenye maana. Wakikutana mara ya mwisho, Lee anaendelea kuimba, na Arthur anamsihi anyamaze ili wazungumze. Mtu aliyekimbilia njozi kwa muda wa saa mbili anaomba mazungumzo ya kawaida, na mwenzake hana ya kumpa.

Pingamizi la tatu husema kwamba filamu inawadharau watazamaji wake, na kwamba utetezi wa aina hii unazidisha dharau kwa kumwambia kila aliyeichukia kwamba chuki yake ni dalili ya ugonjwa. Mbinu hiyo ya mwisho ni ya hila na naikataa. Mtu anaweza kuichukia filamu hii kwa sababu imemchosha tu, na saikolojia haina ruhusa ya kugeuza kila kukanusha kuwa ushahidi. Usomaji wangu unaweza kuthibitishwa kuwa batili: kama filamu ya kwanza ingemwonyesha Arthur akilibuni jina Joker, kama Lee angekuwa mkweli kuhusu maisha yake, kama ungamo lingemletea sifa au nafuu ya adhabu, ungeanguka. Kuhusu dharau, mkutano wa mwisho niliotaja unafanyika kwenye zile ngazi za Bronx. Phillips anaweza kulaumiwa kwa kuwachokoza waliozifanya mahali pa kupigia picha. Lakini Lee, anayesimama kwa niaba ya watazamaji, hachorwi kama mjinga. Ana akili, ana uchungu wake, na sababu anayoitoa ya kuondoka ni ya kweli: walichokuwa nacho ni njozi, na Arthur ameitupa.

Limebaki suala la kifo. Arthur anarudishwa Arkham, na kijana mfungwa anayemsimulia kichekesho anamchoma kisu tumboni, kisha nyuma yake, kwa picha isiyo wazi, anajichana mdomo uwe tabasamu. Mashabiki waliona tusi: kumbe siku zote tulikuwa tunamtazama mtu asiye sahihi. Kisaikolojia, mwisho huu ndio hitimisho la hoja nzima. Filamu ilianza kwa katuni ya Sylvain Chomet ambamo kivuli cha Joker kinamfungia mwenyewe ndani, kinatoka kufanya maovu, kisha kinamrudia na kumwacha apokee virungu vya polisi. Arthur akishaikana sura ile, haina tena haja ya mwili wake, na inatafuta mwili mwingine. Tiba ya Lasègue na Falret, ile ya kutenganisha, inafanya kazi kwa wa pili tu. Arthur aliondoka katika njozi akiwa mzima wa akili kuliko alivyowahi kuwa, huku njozi yenyewe ikibaki na waliokuwa wakiihitaji.

Ukiyapanga maamuzi ya Arthur katika filamu zote mbili, utaona kwamba karibu yote yaliombwa na mtu: tabasamu na mama, jina na Murray, dansi na umati, rangi na Lee, lafudhi na ukumbi wa mahakama. Ungamo peke yake halikuombwa na yeyote, ndani ya hadithi wala kwenye viti vya sinema. Filamu inayomjengea mhusika wake uhuru kwa namna hiyo lazima ipoteze wale waliomtaka awe vile walivyozoea, na hasara iliyopatikana mwaka 2024 ilikuwa ndani ya hesabu ya hadithi yenyewe. Kasoro zake za mwendo na za nyimbo zitabaki kuwa kasoro. Lakini shutuma ya usaliti haisimami, kwa sababu kati ya wote waliowahi kudai kwamba wanampenda Arthur Fleck, filamu hii peke yake ilimwacha amalize kusema.